Anna Dostoevskaya: bibi aliyesimama kati ya mume wake na wenye kumdai

Saint Petersburg, Urusi, mwaka 1871. Mwanamke wa miaka 25, mwenye mtoto mchanga nyumbani, anaenda kumwona mfanyabiashara mmoja anayemdai mume wake. Mfanyabiashara huyo amekwisha kutoa vitisho: alipwe feza zake zote mara moja, ama vitu vya nyumba vikamatwe na mwenye deni aingizwe gerezani.

Mwanamke hakulia wala hakupiga magoti. Alimweleza kwa utulivu kwamba nyumba wanamokaa imepangwa kwa jina lake yeye, si kwa jina la mume. Meza, viti na vitanda vimechukuliwa dukani kwa kulipa kidogo kidogo na havijaisha kulipwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuvikamata. Na kama mume wake atafungwa, yeye atapanga chumba karibu na gereza, ataenda kumwona kila siku pamoja na watoto, na atamsaidia kuendelea na kazi yake mulemule ndani. Mfanyabiashara hatapata hata kopeki moja. Tena, sheria ya Urusi ya wakati ule ilimlazimisha mwenye kudai kulipia chakula cha mtu aliyemfungisha.

Mfanyabiashara alifikiri, akapiga hesabu, akakubali kulipwa kidogo kidogo.

Mume aliyekuwa na deni hilo ni Fyodor Dostoevsky, mwandikaji ambaye vitabu vyake vinasomwa mpaka leo katika pande zote za dunia. Bibi yake aliitwa Anna Grigoryevna. Wengi wanajua vitabu vya mume. Kazi ya bibi, ya kuhesabu nani analipwa lini na nani anaweza kungoja, haijulikani sana, ingawa bila kazi hiyo vitabu vingine pengine visingeandikwa.

Deni lilitoka wapi

Dostoevsky alizaliwa Moscow mwaka 1821. Mwaka 1849 alikamatwa kwa mambo ya siasa, akahukumiwa kifo, halafu hukumu ikabadilishwa kuwa miaka 4 ya kazi ngumu huko Siberia. Alirudi na jina la mfungwa wa zamani na ugonjwa wa kifafa. Pamoja na kaka yake Mikhail, alianzisha gazeti la kila mwezi. Serkali ililifunga mwaka 1863. Mwaka uliofuata wakaanzisha lingine, lililoitwa Epokha.

Mwaka huo wa 1864 matanga mawili yalifuatana. Mwezi wa nne alikufa bibi wa kwanza wa Dostoevsky. Mwezi wa saba akafa Mikhail. Kaka huyo aliacha mjane na watoto, gazeti lisilokuwa na feza, na madeni mengi, mengine yakitoka katika biashara yake ya tumbaku.

Dostoevsky angeweza kuacha gazeti life na kila mwenye kudai ajitafutie njia. Hakufanya hivyo. Alichukua madeni ya marehemu, akatia sahihi kwa jina lake mwenyewe, na akajaribu kuendesha gazeti ili lilipe. Mwaka 1865 gazeti likaanguka. Madeni yalibaki, na mjane na watoto walibaki wakimtegemea. Alikuwa pia na mtoto wa bibi yake wa kwanza, Pavel, kijana ambaye naye alingoja kulishwa. Wasomaji wetu hawahitaji maelezo marefu juu ya mzigo wa namna hiyo. Familia nyingi zinajua maana ya kuzika ndugu leo na kupokea wenye kumdai kesho yake.

Wakati huo wa taabu akaja mchapishaji mmoja, Stellovsky. Alimpa Dostoevsky rubli 3,000 na kontra ya hatari. Stellovsky alipata haki ya kuchapisha vitabu vyote vilivyokwisha kuandikwa. Zaidi ya hiyo, Dostoevsky alipaswa kuleta hadithi mpya mbele ya tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 1866. Kama angechelewa, Stellovsky angechapisha kila kitu atakachoandika kwa miaka 9 bila kumlipa. Na hata zile rubli 3,000 hazikukaa mkononi. Stellovsky alikuwa amenunua kwa bei ya chini hati za madeni ya Dostoevsky, akitumia watu wengine, kwa hiyo sehemu kubwa ya feza alizotoa kwa mkono mmoja ilimrudilia kwa mkono mwingine.

Siku 26

Mwanzoni mwa mwezi wa 10 mwaka 1866, hadithi hiyo ilikuwa haijaandikwa hata ukurasa mmoja. Rafiki mmoja akamshauri atafute mtu anayejua stenografia, yaani kuandika kwa alama za haraka mtu mwingine anaposema. Mwalimu wa stenografia akamtuma mwanafunzi wake bora.

Mwanafunzi huyo alikuwa Anna Snitkina, binti wa miaka 20, aliyezaliwa Saint Petersburg mwaka 1846. Baba yake, mfanyakazi wa serkali, alikuwa amekufa miezi michache mbele. Anna alitaka kupata feza kwa mikono yake mwenyewe, na malipo aliyoahidiwa yalikuwa rubli 50 kwa kazi yote.

Alifika kwa Dostoevsky tarehe 4 mwezi wa 10, kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule. Kazi ikaenda hivi: mchana Dostoevsky anasema, Anna anaandika kwa alama. Usiku Anna yuko kwao, anageuza alama kuwa maandishi safi. Asubuhi anarudi na karatasi. Kwa siku 26 hadithi ilikwisha. Ilihusu mtu aliyetekwa na mchezo wa kamari, jambo ambalo mwandikaji alilijua vizuri sana.

Siku ya kupeleka kazi ilipofika, Stellovsky hakuonekana mjini, na mfanyakazi wake akakataa kupokea. Ilionekana wazi kwamba alitaka tarehe ipite. Lakini jambo hilo lilikuwa limekwisha kuogopewa, na mjuzi mmoja wa sheria alikuwa ameulizwa shauri mapema. Jibu lilikuwa rahisi: kazi ikabiziwe polisi, na polisi waandike hati ya kupokea yenye tarehe. Dostoevsky alifanya hivyo usiku, saa chache mbele ya muda kuisha. Stellovsky akakosa windo lake.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Anna alimfanyia mtu huyu, mbele hata ya kuwa bibi yake. Karatasi moja yenye tarehe na muhuri iliokoa kazi ya miaka 9. Walifunga ndoa tarehe 15 mwezi wa pili mwaka 1867. Yeye alikuwa na miaka 20, bwana alikuwa na 45.

Vitu vya bibi arusi vinaenda rehani

Ndoa ilianza vibaya. Nyumba ilijaa ndugu kila siku, na kila feza iliyoingia ilikuwa na wenyewe wanaoingoja: mjane wa kaka, kijana Pavel, wenye kudai. Bwana na bibi walipotaka kwenda inje ya inchi kwa miezi michache, feza ya safari ikahesabiwa na ndugu kabla haijatumika.

Anna akachukua uamuzi ambao uliwashangaza watu wa pande zote mbili. Kwa desturi ya Urusi, binti alitoka kwao na vitu vyake vya kuanzia ndoa. Yeye alikuwa na piano, meza na viti vizuri, vyombo vya feza na makoti ya manyoya. Aliviweka vyote rehani. Mama yake alimuunga mkono. Mwezi wa nne mwaka 1867 wakaondoka.

Walifikiri watakaa miezi 3. Walikaa miaka 4 na zaidi, kwa sababu kurudi bila feza kulimaanisha gereza la wenye madeni.

Huko Baden-Baden, Ujerumani, Anna aliona ugonjwa mwingine wa mume wake. Dostoevsky alicheza ruleti akiamini kwamba siku moja atashinda na kulipa watu wote kwa mara moja. Alipoteza. Pete za ndoa zilikwenda rehani zikarudi, zikaenda tena. Vito vya masikio na vya kifuani ambavyo bwana alimpa Anna kwa ndoa vilikwenda na havikurudi. Nguo zilikwenda. Anna alikuwa na mimba wakati huo. Mume alirudi nyumbani akilia, akaomba msamaha, akaomba feza tena. Katika daftari lake la siri, lililoandikwa kwa alama za stenografia, Anna aliandika uchungu wake siku kwa siku. Mbele ya mume hakufanya ugomvi juu ya feza hizo. Aliona kwamba huo ni ugonjwa, na kwamba matusi hayatauponya.

Hatuwezi kusema kwamba alifanya vizuri kila alipotoa kopeki ya mwisho. Msomaji atajipimia mwenyewe. Linalojulikana ni bei aliyolipa. Mwaka 1868 walikuwa Geneva, Uswisi, katika umaskini. Binti yao wa kwanza, Sofia, alizaliwa huko na akafa akiwa na miezi 3 tu. Walihamia Vevey, halafu Italia, halafu wakarudi Dresden, Ujerumani, ambako binti wa pili, Lyubov, alizaliwa mwaka 1869. Walikula kwa malipo ya mbele ambayo gazeti moja la Moscow lilituma kwa ajili ya hadithi ambazo hazijaisha kuandikwa.

Mwaka 1871, Anna alipoona mume wake hana nguvu ya kuandika, ni yeye mwenyewe aliyempa feza kidogo aende Wiesbaden kucheza. Alijua atapoteza. Dostoevsky akapoteza kweli, akaandika barua ya toba kama zile za zamani. Lakini safari hiyo alitimiza neno lake. Hakucheza tena mpaka kufa.

Wenye kudai wanafika mlangoni

Walirudi Saint Petersburg mwezi wa saba mwaka 1871, na siku chache baadaye akazaliwa mtoto mwanamume, Fyodor. Vitu walivyoacha vilikuwa vimepotea. Rehani nyingi ziliuzwa kwa sababu riba haikulipwa. Vitabu vya Dostoevsky, vilivyoachwa mkononi mwa kijana Pavel, viliuzwa kimoja kimoja. Nyumba ya upande wa Anna waliyotegemea kuuza ili kulipa madeni, nayo ilikuwa imepotea. Deni pamoja na riba lilifika karibu rubli 25,000.

Magazeti yalitangaza kwamba mwandikaji amerudi, na wenye kudai wakasoma magazeti. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kuja.

Mwanzoni Dostoevsky aliwapokea mwenyewe. Anna aliona matokeo: mume alishindwa kulala, kazi ilisimama, kifafa kilirudi. Na kazi ikisimama, hakuna feza ya kulipa mtu yeyote. Hapo akaamua kwamba kuanzia siku hiyo wenye kudai watazungumza na yeye. Mara nyingine mume hakujua hata kwamba mtu alikuja.

Aliwagawanya katika mafungu. Kulikuwa wajane na watu wa mapato madogo ambao kweli waliwahi kumkopesha Mikhail. Kulikuwa wafanyabiashara wa vitu vya gazeti na vya tumbaku. Kulikuwa pia watu waliofanya biashara ya madeni yenyewe: walinunua hati za zamani kwa bei ndogo, halafu wakadai kiasi chote kilichoandikwa, pamoja na riba. Hao wa mwisho ndio waliokuwa wakali zaidi, na ndio waliotaja gereza kwa haraka.

Anna aligundua jambo lingine lililomuumiza. Wakati Mikhail alipokufa, watu wengi walikuja kusema kwamba marehemu alikuwa na deni lao. Dostoevsky, kwa heshima ya kaka yake, aliwaamini bila kudai karatasi, akatia sahihi. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, Anna alieleza kwamba madeni mengine hayakuwa ya kweli, na kwamba familia yake ilinyimwa mengi kwa miaka juu ya sahihi hizo. Lakini sahihi ikishawekwa, ni deni. Aliyalipa.

Silaha zake zilikuwa chache na za wazi. Alijua sheria inaruhusu kukamata nini na haiwezi kukamata nini. Nyumba ya kupanga ilikuwa kwa jina lake. Hata nyumba ya Staraya Russa, mji mdogo ambako familia ilikuwa ikipumzika, iliponunuliwa baadaye iliandikwa kwa jina la ndugu wa Anna ili isifuatwe na madeni. Hakuahidi feza asiyokuwa nayo. Alichoahidi kulipa kwa mwezi, alikilipa. Wenye kudai wakajifunza kwamba bibi huyo mdogo hatishiki, lakini neno lake linashika.

Kuchapisha wenyewe

Kulipa kidogo kidogo kulizuia gereza, lakini hakukumaliza deni. Anna akatazama upande wa mapato. Wachapishaji walimlipa Dostoevsky kiasi kidogo kwa kitabu, tena kwa kuchelewa, na wao wakabaki na faida. Kwa nini familia isichapishe yenyewe?

Watu waliowazunguka walisema ni hatari na kwamba mwandikaji hawezi biashara. Anna hakubishana. Alitembea madukani na katika nyumba za kuchapisha akiuliza kama mnunuzi wa kawaida: karatasi ni bei gani, kuchapisha na kujalidi ni bei gani, mwenye duka anapunguziwa kiasi gani, analipa wakati gani. Alipata karatasi na kazi ya kuchapisha kwa mkopo. Wakachapisha vitabu 3,500 vya hadithi iliyojulikana kama Mashetani.

Tarehe 22 mwezi wa kwanza mwaka 1873 tangazo likatoka gazetini. Asubuhi hiyo watumishi wa maduka ya vitabu walianza kugonga mlango wa nyumba. Dostoevsky alikuwa bado amelala, kwa sababu aliandika usiku. Anna aliuza yeye mwenyewe, akasimama imara juu ya bei, na akataka feza mkononi. Siku ya kwanza zilitoka nakala 115. Mpaka mwisho wa mwaka karibu vitabu vyote viliuzwa, na baada ya kutoa matumizi, familia ilibaki na faida ya karibu rubli 4,000. Feza hiyo ilikwenda kwa wenye kudai wakali.

Baada ya hapo hawakurudi nyuma. Walichapisha wenyewe vitabu vingine, na mwaka 1876 Dostoevsky akaanza gazeti lake la kila mwezi. Anna alishughulikia karatasi, barua, orodha ya wasomaji na daftari la hesabu. Mume alisema hadithi, bibi akaziandika kwa alama, akazisafisha, akazipeleka kuchapishwa, akaziuza. Mwaka 1880 alifungua pia biashara ya kutuma vitabu kwa posta kwa watu wa mikoa ya mbali.

Kazi hiyo ilifanyika katikati ya matanga mengine. Mwaka 1878 mtoto wao wa mwisho, Alyosha, alikufa kwa kifafa kabla ya kutimiza miaka 3. Ugonjwa ulikuwa wa baba.

Mwisho wa deni

Kwa hesabu ya Anna mwenyewe, madeni yaliisha karibu mwaka mmoja tu mbele ya kifo cha mume. Zilikuwa zimepita karibu miaka 13 tangu ndoa yao. Mwaka huo Dostoevsky alimaliza kitabu chake kikubwa cha mwisho, Ndugu Karamazov. Alikiandika kwa jina la Anna, kama zawadi. Tarehe 28 mwezi wa kwanza mwaka 1881 akafa. Alikuwa na miaka 59. Hakumwachia bibi yake mali nyingi, lakini hakumwachia pia hati ya deni la mtu.

Anna alikuwa na miaka 34. Hakuolewa tena. Serkali ilimpa pansheni ya rubli 2,000 kwa mwaka, lakini aliendelea na kazi. Alichapisha maandishi yote ya mume wake mara nyingi, akafungua shule huko Staraya Russa kwa jina lake, na akakusanya barua, picha na karatasi zake kwa ajili ya jumba la makumbusho la Moscow. Kumbukumbu zake mwenyewe aliziandika uzeeni. Zilitoka mwaka 1925, wakati yeye hayuko tena.

Alikufa Yalta, kando ya Bahari Nyeusi, mwaka 1918, katikati ya vita vya Urusi, mbali na nyumbani. Alikuwa ametamani azikwe karibu na bwana wake. Ilichukua miaka 50. Mwaka 1968 mabaki yake yaliletwa Saint Petersburg, mji uliokuwa ukiitwa Leningrad wakati huo, yakawekwa kando ya kaburi la Dostoevsky. Mjukuu wao Andrei ndiye aliyepigania jambo hilo mpaka likatimia.